Mkono Uliokatwa na Mtambo Mbovu: Kadari, Dhamana na Haki ya Fidia katika Kazi za Mafuta na Gesi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

SUALI: Kijana wetu anafanya kazi katika kisima cha gesi. Koleo la chuma la kukazia mabomba lilimkata vidole viwili. Wenzake wanasema koleo hilo lilikuwa bovu, na msimamizi alikwishaambiwa. Akiwa bado hospitali aliletewa pesa kidogo na karatasi ya kutia saini kwamba hana dai tena. Mmoja wa wakubwa wake, ambaye ni Muislamu, alimwambia kuwa hii ni kadari, na kwamba Mtume (S.A.W.) amesema machimbo hayana fidia. Wazee nyumbani wamegawanyika. Je, akidai atakuwa amepinga kadari? Na hadithi hiyo ina maana gani?

JAWABU: Suali hili lina mambo kadhaa ndani yake, na tutayaeleza moja baada ya jingine ili familia nyingine zifaidike. Kwa ufupi: kuamini kadari hakufuti dhamana ya aliyesababisha madhara kwa uzembe. Hadithi ya machimbo ni sahihi, lakini haimkingi mtu aliyempa mwenzake chombo kibovu hali ya kuwa anajua. Na karatasi ya kuachia haki kabla jeraha halijapona isitiwe saini.

1. Kwa nini jambo hili linatuhusu

Vijana wa Unguja na Pemba wamekuwa wakifuata riziki katika mafuta na gesi kwa muda mrefu. Jamaa zetu walioko Oman wako katika nchi iliyoanza kusafirisha mafuta mwaka 1967. Upande wa Tanzania Bara, gesi iligunduliwa Songo Songo, kisiwa cha Kilwa, mwaka 1974, na ikaanza kuzalishwa mwaka 2004. Mnazi Bay ya Mtwara nayo iligunduliwa mwaka 1982. Hapa Zanzibar tumetunga Sheria ya Mafuta na Gesi namba 6 ya 2016, na mwaka 2018 Serikali ilitia saini mkataba wa mgawanyo wa uzalishaji kwa kitalu cha Pemba na Zanzibar. Basi elimu ya haki za mfanyakazi katika kazi hizi ni bora itangulie kuliko ifuate.

2. Mkono huumiaje katika kazi hizi

Anayetaka kutoa hukumu lazima kwanza aifahamu kazi yenyewe. Kisima huchimbwa kwa mabomba marefu ya chuma yanayoungwa moja baada ya jingine. Kila bomba hushikwa kwa makoleo makubwa yanayovutwa na waya au nguvu ya mafuta ya haidroli, likazwe au lilegezwe. Mikono ya wafanyakazi iko karibu na chuma kinachozunguka, kinachobana na kinachoshuka. Zamani mabomba yalizungushwa kwa mnyororo unaotupwa na mtu kwa mkono, na mnyororo huo ulikata vidole vya watu wengi. Leo ipo mitambo inayofanya kazi hiyo bila ya mtu kusogeza mkono. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya hatari hii inaweza kuepukwa kwa anayetaka kuepuka.

Ubovu wa mtambo huja kwa sura nyingi. Meno ya koleo huwa yameisha, likateleza. Waya wa winchi huwa umechanika nyuzi. Kifuniko cha kinga cha mkanda wa pampu au kampresa huwa kimeondolewa na hakikurudishwa. Kitufe cha kuzimia kwa dharura huwa hakifanyi kazi. Vali huwa inavuja, ikabaki na mgandamizo ndani wakati fundi anadhani imekwisha. Na mara nyingi mtambo wenyewe ni mzima, ila hakuna utaratibu wa kuuzima, kuufunga kwa kufuli na kutundika kibao kabla ya mtu kuingiza mkono. Mwenzake akauwasha bila ya kujua.

3. Kadari na dhamana

Imani ya kadari ni nguzo katika nguzo za imani. Lakini Mola aliyekadiria ajali ndiye pia aliyeweka hukumu zake. Anayeua kwa makosa hakukusudia, na kifo hicho kimekadiriwa bila ya shaka. Pamoja na hayo Surat An-Nisaa, aya ya 92, imewajibisha diya na kafara. Lau kadari ingefuta dhamana, aya hiyo isingekuwa na kazi. Kwa hiyo kijana anayedai haki yake hapingi kadari. Kadari inamtaka asubiri juu ya maumivu na asimlaumu Mola wake. Haimtaki amsamehe mwenye mtambo bila ya hiari yake.

Tunaongeza jambo hili kwa uwazi, kwa kuwa linaumiza watu: si halali kwa mwenye mali kuishika kadari ili ajikinge na deni lake. Mwizi naye angeweza kusema hivyo.

4. Hadithi ya machimbo

Hadithi iliyotajwa imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.). Maana yake ni kwamba madhara ya mnyama, kisima na machimbo ni hadari, yaani hayana fidia, na kwamba katika hazina iliyofukiwa kuna khumsi. Wanazuoni, akiwemo Imam Nawawi katika sherehe ya Sahih Muslim, wameeleza sura yake: mtu amechimba katika ardhi yake au ardhi isiyo na mwenyewe, au ameajiri watu wa kuchimba, pakaporomoka bila ya yeye kufanya uadui wowote. Hapo hana dhamana.

Sharti hilo la kutokuwapo uadui wala uzembe ndilo linalosahauliwa. Tazama hukumu mbili katika kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi, ambacho kinasomeshwa katika darsa za visiwa hivi. Ya kwanza: mtu aliyechimba kisima ndani ya ukumbi wa nyumba yake, kisha akamwita mgeni bila ya kumwambia, mgeni akatumbukia. Kauli yenye nguvu ni kwamba mwenye nyumba anadhamini, ijapokuwa kisima kimo ndani ya milki yake. Ya pili: paka aliyezoeleka kuharibu ndege na vyakula vya watu. Mwenye paka huyo anadhamini, usiku na mchana, kwa sababu tabia yake imeshajulikana.

Basi ikiwa mwenye paka anayejulikana kwa ufisadi anadhamini chakula, vipi asidhamini mwenye koleo linalojulikana kuwa linateleza, na kilichokatika ni kidole cha mwanaadamu? Na ikiwa aliyemwita mgeni penye kisima kilichofichika anadhamini, mwajiri aliyemwita kijana kazini penye mtambo mbovu, asimwambie, ana dhamana kwa uwazi zaidi. Hadithi inabaki mahali pake. Isichukuliwe ikatumika pasipo pahala pake.

5. Nani hasa anadhamini

Kanuni inayojulikana kwa mafakihi, na iliyoandikwa pia katika Majalla ya dola ya Uthmaniyya, inatofautisha kati ya mtendaji wa moja kwa moja na msababishaji. Mtendaji hudhamini hata kama hakukusudia. Msababishaji hudhamini akiwa amevuka mpaka. Mtambo hauna akili wala hauwajibiki, kwa hiyo dhamana hurudi kwa mtu aliye nyuma yake:

- Mwenye mtambo au msimamizi aliyejua ubovu, au aliyetakiwa kujua kwa kuukagua, akauacha ufanye kazi.
- Aliyeuuza au kuukodisha akaficha aibu yake. Mtume (S.A.W.) amekataza Muislamu kumuuzia mwenzake kitu chenye aibu bila ya kumbainishia.
- Fundi aliyeutengeneza bila ya ujuzi. Imepokewa na Abu Daud kwamba anayetibu watu ilhali hajulikani kuwa na elimu ya utabibu hudhamini. Na wanaojipachika ufundi wasiokuwa nao wako karibu na hukumu hiyo.
- Mfanyakazi mwenzake aliyewasha mtambo bila ya kuhakikisha.

Mara nyengine aliyeumia naye ana sehemu yake, kwa mfano ameondoa kinga mwenyewe ili kazi iende haraka. Hapo haki yake haifutiki yote, bali hupungua. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali (R.A.) alihukumu katika wasichana watatu waliokuwa wakicheza, mmoja amembeba mwenzake. Wa tatu alimfinya yule aliyebeba, akaruka, aliyebebwa akaanguka na kuvunjika shingo. Ali aligawa diya kwa theluthi: theluthi mbili kwa wale wawili, na theluthi moja ikaanguka kwa sababu ya sehemu ya aliyekufa mwenyewe katika mchezo ule.

Na kijana aliyejua ubovu, akalalamika, akaambiwa afanye kazi hivyo hivyo au aondoke? Sisi tunaona lawama kubwa iko kwa aliyemwamrisha, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mamlaka ya kuusimamisha mtambo. Hata hivyo kijana ajue kwamba Surat Al-Baqara, aya ya 195, imetukataza kujitupa wenyewe katika maangamizi. Kukataa chombo kinachokata watu si uvivu wala si utovu wa adabu kwa mkubwa wa kazi.

6. Thamani ya mkono katika sharia

Diya kamili ya mtu ni ngamia 100, na Khalifa Umar (R.A.) aliikadiria kuwa dinari 1,000 kwa watu wa dhahabu. Tukihesabu dinari moja kuwa gramu 4.25, viwango vinavyotokana na barua ya Mtume (S.A.W.) kwa Amr bin Hazm na maelezo ya mafakihi ni hivi:

- Mikono miwili: diya kamili, ngamia 100.
- Mkono mmoja, ukikatwa au ukipooza usifanye kazi tena: ngamia 50, sawa na dinari 500, yaani gramu 2,125 za dhahabu.
- Kidole kimoja, chochote kiwacho: ngamia 10, sawa na dinari 100, yaani gramu 425.
- Pingili moja ya kidole: theluthi ya kidole, kiasi cha gramu 142.
- Pingili moja ya gumba: nusu ya kidole, kwa kuwa gumba lina pingili mbili, kiasi cha gramu 212.
- Jeraha au mvunjiko usio na kiwango maalumu: hutathminiwa na mahkama kwa msaada wa wajuzi, na huitwa hukuma.

Zingatia kwamba kidole kidogo na gumba ni sawa. Imepokewa hivyo na Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.). Kwa hiyo asiambiwe mtu kwamba kilichokatika ni kidole cha mwisho tu, hakina kazi.

Tunayataja haya ili watu wajue uzito wa kiungo mbele ya Mola wao. Mahkama za Kadhi Zanzibar zinashughulikia ndoa, talaka, mirathi, wakfu na mambo ya familia. Dai la jeraha la kazini halipelekwi huko. Linapelekwa kwa njia za sheria ya kazi.

7. Fidia ya kisheria: je, ni halali?

Ndiyo, ni halali, na ni haki. Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, na kuna Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi anayekagua mitambo. Zanzibar ina sheria zake za ajira, fidia, na usalama na afya kazini, na malalamiko hupelekwa kwa mamlaka ya kazi. Oman ilitoa sheria mpya mbili mwaka 2023, ya hifadhi ya jamii na ya kazi. Kijana aliyeko huko asitegemee maelezo ya wenzake tu. Awaulize wizara ya kazi na ubalozi.

Baadhi ya ndugu wanaogopa kuwa fedha za mfuko ni bima ya kibiashara iliyoharamishwa. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1985, ilitofautisha bima ya kibiashara na ile ya kusaidiana. Mfuko wa lazima unaochangiwa na mwajiri kwa ajili ya wanaoumia kazini, kwetu sisi, uko karibu zaidi na kusaidiana. Isitoshe, Khalifa Umar (R.A.) aliiweka diya ya makosa juu ya watu wa diwani, yaani walioandikwa katika daftari moja la jeshi, na Mahanafi wakaichukua rai hiyo. Kubebeana mzigo kwa walio katika kazi moja si jambo geni katika fiqhi.

Sheria ya fidia kwa kawaida humlipa aliyeumia kazini hata bila ya kuthibitisha kosa la mwajiri. Hilo nalo linakubalika, kwa kuwa ni sharti lililoingia katika mkataba wa kazi, na Waislamu wanafungwa na masharti yao madhali hayahalalishi haramu.

8. Karatasi ya hospitali

Hapa ndipo watu wanapodhulumiwa zaidi. Ahmad na Daraqutni wamepokea kisa cha mtu aliyechomwa pembe gotini akataka haki yake papo hapo. Mtume (S.A.W.) alimwambia asubiri mpaka apone. Mtu yule akarudi akashikilia, akapewa. Baadaye akaja hali ya kuwa amelemaa, na ulemavu ule ukawa hauna fidia tena. Baada ya hapo Mtume (S.A.W.) akakataza kulipiziwa jeraha kabla ya mwenyewe kupona. Kidole kilichoshonwa leo kinaweza kuoza wiki ijayo. Mkono uliobanwa unaweza kupooza baada ya miezi.

Jengine: katika kauli mpya ya Imam Shafi, kumwachia mtu haki isiyojulikana kiwango chake hakusihi. Mgonjwa aliye katika maumivu na dawa za usingizi hajui anachokiachia. Kusamehe ni fadhila kubwa, lakini ni fadhila ya anayejua haki yake, anayeweza kuichukua, kisha akaiacha kwa hiari.

Kwa hiyo familia ifanye haya:

- Asitie saini kitu chochote mpaka atoke hospitali na apate ripoti ya daktari.
- Ajali iripotiwe kwa maandishi mapema, kwa sababu madai yana ukomo wa muda.
- Ziwekwe picha za mtambo na jeraha, na majina ya waliokuwapo zamu hiyo.
- Wenzake watoe ushahidi. Surat Al-Baqara, aya ya 283, imekemea kuficha ushahidi, na khofu ya kupoteza kazi haimfanyi mtu asiwe na dhambi ya mkono wa mwenzake.
- Fidia ikilipwa ni mali ya aliyeumia mwenyewe. Kaka mkubwa au baba mdogo asiishike kama mali ya ukoo.

9. Katika saa ya kwanza

Mkono ubanwe kwa kitambaa safi na uinuliwe juu. Kidole kilichokatika kisitupwe: kisuuzwe taratibu, kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha mfuko huo uwekwe ndani ya barafu yenye maji. Kisigusane na barafu yenyewe. Kukirudisha kwa upasuaji kunajuzu. Kikishindikana, huzikwa kwa heshima; hakioshwi wala hakisaliwi.

Na tundu dogo lililopigwa na mafuta ya haidroli yenye nguvu lisidharauliwe. Kwa nje huonekana kama sindano, lakini mafuta huenda ndani na kuoza mkono. Apelekwe kwa daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo.

Pete ivuliwe kabla ya kukaribia mtambo. Kuvaa pete ya fedha kuna asili katika sunna, lakini pete ikinaswa hung'oa nyama ya kidole chote, na kujikinga na madhara ni wajibu.

10. Udhu na sala

Mwenye bandeji ataosha sehemu nzima ya mkono, atapaka maji juu ya bandeji, na katika madhehebu yetu ya Shafi ataongeza tayammamu. Kwa kuwa mkono ni kiungo cha tayammamu, kauli inayotegemewa kwetu ni kurudia sala hizo akipona. Mahanafi na Wamaliki hawamlazimishi, na mwenye uzito mkubwa anaweza kuwafuata. Aliyekatwa ataosha kilichobaki cha sehemu ya wajibu. Akishindwa mwenyewe, amwombe mke au mtoto amsaidie, hapana aibu. Sala isiachwe kwa kisingizio cha mkono.

11. Nasaha kwa wasimamizi

Ndugu yetu uliyepewa mamlaka juu ya watu, wewe ni mchunga na utaulizwa. Ukiambiwa kuwa mtambo ni mbovu, tangu saa hiyo dhamana imekuingia shingoni. Kuusimamisha kutwa nzima ni hasara ya pesa. Surat Yaasin, aya ya 65, imetueleza kuwa siku ya Kiama midomo itafungwa na mikono itasema. Mkono wa kijana huyo utakuwa miongoni mwa inayosema.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awaponye walioumia, awahifadhi vijana wetu baharini na nchi kavu, na awape wenye mitambo khofu ya kumcha Yeye. Wallahu aalam.